Kichujio cha Kinyozi

Kinyozi hakuwa na desturi ya kumuuliza mteja anataka kunyolewa vipi. Alimketisha kwenye kiti, akamfunga shuka shingoni, akamzunguka kimyakimya kama mtu anayekagua mbuzi wa Idi, kisha akawasha mashine. Ukilalamika katikati ya kazi, aliizima na kukutazama kwenye kioo. "Wewe unakiona kichwa chako kwa mbele tu," alisema. "Mimi nakiona pande zote." Watu walicheka, wakatulia, na wengi wao walirudi, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na alijua kumfichia mtu upara wake.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi pale Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Duka langu la vitambaa lilipakana na saluni yake, na nyumba yake ilikuwa nyuma, ukipita mlango wenye pazia. Yeye aliniita jirani, nami nilimwita Kinyozi kama mtaa mzima ulivyomwita. Hata bintiye, alipokuwa mdogo na kutumwa sokoni kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, akiulizwa ni mtoto wa nani alijibu, "Miye mutoto wa Kinyozi," na wauzaji walimwongezea kiganja kimoja juu.

Alikuwa mtu wa kupenda ushauri. Aliupenda kama wengine wanavyopenda redio: aliuacha usikike huku yeye akiendelea na alichokuwa akikifanya. Alipotaka kupaka saluni rangi, aliuliza mtaa mzima. Wengi tulisema nyeupe, wachache buluu. Akapaka kijani. Tulipomuuliza kwa nini basi alitusumbua, alishangaa kwa dhati. "Nilitaka kujua munawaza nini," alisema. Hakuwa na kiburi cha kudharau watu, maana alisikiliza kweli, akiwa ameinamisha kichwa, na mwezi mzima baadaye aliweza kukurudishia maneno yako yote. Lakini kati ya kusikia na kukubali palikuwa na mlango, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

Jambo moja tu lilimlegeza, nalo ni binti huyo. Mama mtu alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, na Kinyozi hakuoa tena. Alijifunza kusuka nywele kwa ajili yake. Jioni ungemwona amekaa kwenye ngazi ya saluni, mtoto katikati ya magoti yake, chanuo mdomoni, akigawa mistari kwa umakini ule ule aliowapa wateja wa kulipa. Alimwita "mama". Akikosea alimgombeza, dakika chache baadaye akampigia kelele kutoka saluni, "Mama, umekula?" Na asipojibu, mteja alisubiri akiwa amenyolewa nusu kichwa.

Binti alisoma, akapata kazi upande wa Muhuta, katika nyumba moja ya biashara iliyokusanya samaki hai wa ziwa letu, wale wadogo wa rangi, ili wapelekwe kwa ndege nchi za mbali kupamba vyumba vya watu. Yeye alishika hesabu. Mwenye biashara alikuwa mgeni, na sebuleni kwake hakuweka samaki wa Tanganyika. Aliweka diskasi, samaki wa mviringo, bapa kama sahani, wenye mistari ya buluu na wekundu wa kutu, ambao asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini. Biashara ilipofungwa na mwenyewe kurudi kwao, aliwaacha diskasi wake kwa binti pamoja na sanduku lao la kioo. Binti akawaleta Rumonge, wakawekwa sebuleni kwa baba yake, ukutani mkabala na mlango.

Kinyozi alimpokea kila mmoja kama mgeni wa heshima. Yeye aliyezaliwa hatua chache kutoka ziwani hakuwahi kupanda mtumbwi, na ufukweni alisimama pale ambapo mawimbi hayafiki viatu. Lakini mbele ya kioo kile aliweza kukaa kutoka alasiri hadi magharibi. Alikula samaki wa ziwani, mukeke wa kukaanga, huku akiwatazama, na nilipomtania, alinijibu bila kucheka: "Jirani, huyu ni chakula. Wale ni wageni."

Na wageni wenyewe walikuwa wagumu. Maji ya ziwa letu ni mazito, yamejaa madini. Samaki wetu wameyazoea, lakini diskasi hutaka maji laini na ya vuguvugu. Kwa hiyo Kinyozi alikinga mvua. Alipanga mapipa chini ya paa, akachanganya maji ya mvua na ya bomba kwa vipimo alivyofundishwa na bintiye, na kila mara alitoa sehemu ya maji ya zamani sandukuni na kuweka mapya. Kiangazi kilipoingia na mapipa kuanza kupungua, hakumruhusu mtu kunawa hata mikono kwa maji yale. Umeme ukikatika na kipasha joto kuzimika, alichemsha maji kwenye jiko la makaa, akayajaza kwenye chupa, akaziacha zielee juu ya maji ya samaki, akizibadilisha kadiri zilivyopoa. Wateja walisubiri. Alisema kichwa cha mtu hakifi kwa kuchelewa kunyolewa.

Sasa, katika kazi ile ya Muhuta, binti alikutana pia na kijana aliyetunza matangi ya samaki. Alikuwa Mkristo, mtu wa Kivu ya Kusini, Kongo, ng'ambo ya ziwa, aliyevuka kuja upande wetu na wazazi wake. Alikuja Rumonge kujitambulisha akiwa amevaa koti la kuazima, ameshika kofia. Nilikuwapo. Kinyozi alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho na kichwa kimeinama kama kawaida yake, kisha akamshukuru, "Murakoze kwa kuja," na akasimama. Hayo ndiyo yalikuwa majibu.

Bintiye alimfuata uani. Ukuta wa uani haukuficha sauti.

"Papa, iko nini mubaya kwake?"

"Si wa dini yetu. Na si wa hapa."

"Si wa hapa? Babu yako alitoka wapi? Si ng'ambo ile ile?"

"Babu yangu amekufa," Kinyozi alisema. "Usimtie katika maneno yetu."

Walioana bila yeye, huko Kabezi walikopanga nyumba. Mtaani watu walitarajia Kinyozi atamlaani binti, na yeye hakufanya hivyo. Hakuzungumza juu ya harusi hata kidogo. Ukitaja, alikuzungushia kiti ukaangalia upande mwingine. Lakini simu haikukatika kabisa, na sababu yake ilikuwa wale samaki. Kila baada ya muda alimpigia bintiye, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa juu ya meza ya saluni kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, na mazungumzo yao yalikuwa haya: mmoja hali vizuri, maji yamekuwa na povu, huyu mwekundu anawafukuza wenzake. Binti alijibu lililoulizwa. Hakumuuliza baba habari ya afya yake, na baba hakumuuliza habari ya nyumba yake. Mwishoni alisema tu, "Haya, mama," akakata. Kisha alikuwa mchangamfu mchana kutwa.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye suala la kichujio, kile chombo cha kusafishia maji ya samaki.

Kile cha zamani, kisanduku kilichoning'inia nyuma ya kioo, kiliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu kupita kiasi. Sanduku la samaki bila kichujio halikai. Kinyozi alipanda Bujumbura, akarudi na habari kwamba kwa mfanyabiashara mmoja kuna vya aina mbili. Cha kwanza ni sifongo, vipande viwili vyeusi vinavyokaa ndani ya maji, vikisukumwa na pampu ndogo ya hewa. Maji hupita kwenye sifongo polepole, uchafu hubaki, mapovu hupanda yakilia. Cha pili ni mtungi: chombo kikubwa kilichofungwa, kinakaa chini ya meza, kinavuta maji kwa bomba moja na kuyarudisha kwa jingine yakiwa safi. Huo mtungi, alisema, hauna sauti kabisa. Maji yake utadhani hayapo.

Tukaulizwa wote. Fundi umeme wa mtaani alisema mtungi. Mimi nilisema chochote, mradi aache kufikiria maana alikuwa amemnyoa mteja ndevu alizotaka zibaki. Mwishowe akampigia bintiye, nami nilikuwa mlangoni na sahani ya maandazi.

"Chukua sifongo, Papa," binti alisema mara moja. "Mbili, moja kila pembe."

"Zinapiga kelele. Na ni mbaya kuzitazama."

"Lakini zinavuta polepole. Hawa samaki hawapendi maji yanayokimbia. Tena kichujio si cha kuokota takataka tu. Mule ndani munaishi vidudu vidogo, havionekani, ndivyo vinakula sumu ya mikojo ya samaki. Umeme ukikatika sana, ndani ya mutungi umefungwa, havina hewa, vinakufa, vinaoza. Umeme ukirudi, mutungi unamwaga ule uozo wote kwa samaki. Na wakizaa, bomba litavuta watoto."

"Hawajazaa tangu waje."

"Wakizaa, nasema."

Kinyozi alikuwa amesimamisha mashine hewani. "Hayo maneno ni ya nani?" aliuliza.

"Ni ya mume wangu. Yeye ndiye alikuwa anatunza matangi, Papa, si unajua? Hata mimi naona hivyo hivyo."

"Sikumuuliza yeye."

"Umeniuliza miye, nami nimekujibu."

"Haya, mama," alisema, akakata simu. Kesho yake alipanda tena Bujumbura, akarudi na mtungi.

Na lazima niseme kweli: ulikuwa mzuri. Maji yaling'aa hata samaki wakaonekana wananing'inia hewani. Hapakuwa na sauti, ila ukiweka kiganja juu ya mfuniko ulihisi mtetemo mdogo. Wateja walinyanyua pazia kuchungulia. Kinyozi alipanguza kioo kila asubuhi na kitambaa nilichompa, akisema kwa sauti ya juu kidogo, kama vile kuna mtu Kabezi anayesikia, "Mutungi, bwana. Mutungi."

Halafu samaki wakazaa.

Wawili kati yao, yule mwekundu na jike lake, walijitenga na wenzao, wakasafisha kwa midomo ubavu wa chungu alichowasimamishia Kinyozi, na siku moja chungu kikawa na mayai yaliyobandikwa kama mbegu za ufuta. Yakaanguliwa. Vifaranga vilipoanza kuogelea vilimfuata baba yao, vikajibandika ubavuni mwake, vikaanza kumdonoa. Niliogopa, nilidhani vinamwumiza. Kinyozi alikuwa amefunga saluni mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua malaria.

"Tazama, jirani," alininong'oneza. "Ngozi yao inatoa ute, ndio maziwa ya watoto. Wanamla baba yao na hahami."

Dume likachoka, likajitikisa, na vifaranga vyote vikahamia kwa mama. Kinyozi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona mtu amefurahi hivyo, na ningependa kumbukumbu yangu isimame hapo.

Lakini vifaranga vilikuwa vinapungua. Tulivitazama vikipita karibu na bomba la mtungi na kutoweka. Akafunga mdomo wa bomba kwa kipande cha wavu wa shela za harusi kutoka dukani kwangu. Wavu ukaziba kwa uchafu, mtungi ukalegea, akautoa wavu akauosha, akaurudisha, na kila alipoutoa vingine vilikwenda. Hakulala vizuri. Ndevu zake zikaota ovyo, yeye kinyozi.

Ni katika siku hizo ambapo simu yangu ililia, na ilikuwa bintiye. Kwa baba yake alikuwa amepiga bila kupokewa. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

Hapa sharti nieleze kitu. Watoto wachanga wa mtaa wetu walinyolewa na Kinyozi siku ya saba, siku ya akika. Hakuchukua malipo. Alinawa, akasoma dua, akakipakata kichwa kwa kiganja cha kushoto, na wembe ukapita kama unyoya. Nusu ya mtaa ule ilianza maisha mkononi mwake. Na sasa binti aliniambia: "Nimeongea na mume wangu. Amekubali Papa aje amunyoe mutoto. Ye ni mutu wa kanisa lakini amekubali. Umwambie, tafadhali, jirani. Umwambie tunamungoja."

Nilipeleka simu mwenyewe, ikiwa bado hewani, nikaiweka karibu na kioo. Kinyozi alikuwa amepiga magoti, mikono imelowa hadi viwiko, anasuuza wavu.

"Papa," simu ikasema.

"Mama! Samaki wamezaa," alisema haraka. "Wamezaa, lakini bomba linavuta watoto. Nifanye nini?"

Kule Kabezi kulisikika mtoto akilia, kilio kile chembamba cha siku za kwanza.

"Na miye nimezaa, Papa," binti alisema.

Kinyozi akatulia na wavu mkononi. Uso wake ulifunguka, niliuona ukifunguka. Akauliza ni nani, akajibiwa ni msichana. Akasema alhamdulillahi. Binti akamweleza habari ya siku ya saba, polepole, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa mpaka mdomoni. Alipomaliza, Kinyozi aliangalia sanduku.

"Siwezi kuwaacha hawa sasa," alisema. "Ni wadogo sana. Wakikua kidogo, nitakuja."

"Sawa, Papa," binti alisema. Na safari hii aliyekata simu alikuwa yeye.

Nilimwambia nitamwangalizia samaki, mimi na fundi umeme. Akainamisha kichwa, akasikiliza. Nilimwambia kwamba gari la Kabezi ni mwendo wa asubuhi moja. Akasikiliza. Alijua hivyo vizuri kuliko mimi. Nadhani alichoogopa ni kuingia katika nyumba ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimkataa, na kumkuta mtu huyo ni mwema. Samaki walimpa sababu ya heshima ya kubaki.

Siku ya saba ikapita. Haukupita muda, umeme ukakatika katika mtaa wetu kwa siku nzima na zaidi. Kinyozi alihangaika na chupa zake za maji moto, akakoroga maji kwa kikombe ili yapate hewa, na aliwaweka hai. Kisha mchana umeme ukarudi. Mtungi ukanguruma chini ya meza, na bomba likatapika maji meusi yenye harufu ya yai bovu. Aliuchomoa waya mara moja, lakini lililotoka lilikuwa limetoka. Kufikia jioni wale wakubwa walikuwa wamelala ubavu. Vifaranga vilivyobaki hatukuviona tena. Dume jekundu lilikuwa la mwisho.

Aliwafunga katika shuka safi ya saluni, akawazika uani karibu na mapipa. Hakusema kitu kuhusu sifongo, wala kuhusu aliyeshauri sifongo. Mimi nilitegemea sasa angepanda gari. Badala yake hata simu zilikoma. Miaka yote ile walizungumza habari za samaki, na samaki hawakuwapo. Kila alipoishika simu alikuwa kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Binti naye hakupiga. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Akaendelea kunyoa watoto wachanga wa watu, bado bila malipo, lakini sasa alikwenda, akanyoa, akaondoka bila kungoja pilau.

Baadaye nilihamishia duka Bujumbura, na habari zake nikazipata kwa wapita njia tu. Walisema mkono umeanza kumtetemeka, kwamba alimkata mteja sikio na siku hiyo hiyo akamwachia saluni kinyozi mwingine.

Mwaka huu, nikishuka na mzigo kwenda Rumonge, niliteremka Kabezi kumsalimu bintiye, maana yeye na mimi hatukupoteana. Kwenye benchi la nje, karibu na mlango, alikaa mzee amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mfuko wa nailoni magotini. Nilimpita kabla sijamtambua.

"Jirani," alisema. "Wewe hata sura unanisahau?"

Alikuwa amefika asubuhi, bila kumwambia mtu. Binti alikuwa kazini. "Mume wake ndiye amenifungulia," alisema. "Amenipa kiti, amenipa chai, kisha ameenda kazi. Ameniita Papa. Sikujua nimuitikie namna gani." Mfukoni mlikuwa na gauni la mtoto mchanga, dogo sana. Alilinunua zamani, nadhani. Aliligeuzageuza akalirudisha.

Mjukuu wake alikuwa anacheza uani, msichana mrefu wa miguu, nywele zimesukwa mistari. Alimtazama Kinyozi kama wanavyotazamwa watu wanaokuja kuomba maji.

Binti aliporudi alinikumbatia mimi kwanza. Kisha akampa baba yake mkono, akikunja goti kidogo kwa adabu. "Amahoro, Papa."

"Amahoro, mama."

Akapika. Alitandika kitambaa mezani, akatoa sahani za wageni, akamletea baba maji ya kunawa na taulo jipya. Kinyozi alikula polepole, mkono wake wa kulia ukisaidiwa na wa kushoto. Alisifia chakula. Alishukuru. Alipomaliza alibaki ameshika sahani, hajui jikoni ni upande gani. Hapo ndipo nilipoumia kuliko siku ile ya samaki.

Mtoto akaja kusimama mbele yake. "Muzee," aliuliza, "unarudi kwenu lini?"

Kinyozi alimtazama bintiye. Binti alikuwa ametupa mgongo, anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kesho asubuhi, mama," alimjibu mtoto. "Kesho na mapema."

Kitambaa cha kufutia kikasimama.

"Kesho hakuna bisi," binti alisema, bila kugeuka.

Nje, barabarani, basi la Rumonge lilikuwa linapita likipiga honi kuita abiria, kama yanavyopita kila siku, kutwa kucha. Sote tulilisikia. Kinyozi aliiweka sahani mezani taratibu, kwa mikono yote miwili.

"Haya, mama," alisema.